Koti la Admirali

Kwenye ujia mrefu unaoelekea karakana ya ushonaji ya jeshi la wanamaji wametundikwa mashujaa. Wa kwanza ni Themistokle wa Wagiriki, aliyewavuta Waajemi hadi kwenye mlango mwembamba wa Salamis, merikebu zao zikasongamana na kugongana zenyewe kwa zenyewe. Anafuata Yi Sun-sin wa Korea na merikebu zake zenye mgongo wa kobe. Halafu Nelson wa Waingereza, mkono mmoja hana, kifua kimejaa nishani. Na mwisho kabisa, karibu na mlango wa karakana, picha kubwa kuliko zote: Admirali mwenyewe, enzi hizo nahodha kijana, amesimama katikati ya moshi, kidole amekinyoosha baharini. Wachoraji wanapenda sana vidole vinavyoonyesha bahari. Fundi alipita chini ya picha zile kila asubuhi na marobota yake ya vitambaa, na miaka yote hiyo hakuona hata moja ya mtu anayemenya viazi. Usione vyaelea, walisema wahenga, vimeundwa. Lakini wahenga hawakuulizwa cha kutundika ukutani.

Fundi huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye macho makali ya kuona uzi uliochomoza hata ukiwa upande wa pili wa chumba. Alishona bendera na sare za wakubwa, na kazi yake haikuwa na mshindani. Alikuwa na sababu ya kuwaza viazi. Kaka yake alikuwa mpishi wa manowari ile ile iliyo pichani. Aliingia nayo vitani na hakurudi.

Habari za vita vile kila mtoto alizijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Manowari ilikuwa moja, kongwe, na adui alikuja na meli nyingi kutaka kuupita mlango wa bahari. Wakapigana tangu alfajiri. Kombora likaipata manowari yetu ubavuni, moto ukaanza kukimbilia ghala lililo chini kabisa, mahali yanapowekwa makombora. Ungefika pale, meli nzima ingeruka vipande vipande. Nahodha akainama kwenye bomba la kusemea, lile bomba la shaba linalopeleka sauti kutoka juu hadi chini, akauliza, "Kuna mtu ghalani?" Kimya. Ndipo akaamuru bahari ifunguliwe iingie ghalani. Moto ukazimika, meli ikapona, ikaendelea kupiga mizinga hadi adui akageuza mkia. Shuleni, mwalimu wa historia alikuwa akisimama mbele ya darasa na kuuliza kwa sauti ya nahodha, "Kuna mtu ghalani?" na darasa zima linajibu kwa kelele, "Hakuna!" Fundi naye, akiwa msichana wa sare na kola iliyochakaa, alijibu "Hakuna!" pamoja na wenzake, tena mwaka ule ule waliomlilia kaka yake, maana asiyejibu alichapwa.

Nyumbani kwao walijua lingine. Manowari ikiwa vitani hakuna anayepika. Mpishi huvua aproni yake akashuka ghalani, na kazi yake huwa kupakia makombora kwenye lifti ndogo ya kuyapandisha kwa wapiga mizinga. Baharia mmoja aliyekuwa akiyapokea huko juu alikuja kwao siku meli ilipotia nanga, akakaa ukingoni mwa kiti, akamwambia mama yao, "Mama, alikuwa chini. Alikuwa akinipandishia mpaka maji yalipoingia." Hakunywa hata maji ya kunywa aliyopewa. Baadaye alipata kazi nzuri kwenye duka la jeshi, na tangu hapo akiwaona kina Fundi barabarani huvuka upande wa pili.

Jeshi lilisema mpishi alikufa kwa ajali ya jikoni. Na aliyekufa kwa ajali ya jikoni haingii kwenye mwito.

Mwito ndio ulikuwa jambo kubwa la mwaka. Siku ya ukumbusho wa vita, kwenye uwanja wa gwaride, waliokufa huitwa kwa majina yao kamili, la mtu, la baba na la babu. Likitajwa jina, mtu wa familia husimama akaitika kwa niaba yake, "Yupo!" Hapo baharia aliyeshika kamba ya kengele ya ile manowari hupiga pigo moja. Sheria yake ni hiyo tu: asikie "Yupo" ndipo apige. Familia zilirithishana kuitika kama wengine wanavyorithishana shamba. Baba akifa huitika mwana, mwana akihama huitika mkwe. Na kila mwaka mama yake Fundi alikaa nyumbani, dirisha wazi, akazisikiliza zile kengele kutoka mbali, moja baada ya nyingine, hadi zikaisha.

"Sitaki sanamu mimi," alikuwa akisema. "Wala sitaki nishani, nitaitundika wapi? Nataka waseme jina la mwanangu mara moja, niitike, basi. Nife nimeitika."

Naye alikuwa amezeeka. Miguu ilikuwa imevimba, kifua kinapiga filimbi akilala, na daktari alikwisha acha kumwandikia dawa mpya. Fundi alijua kwamba mwaka huu ukipita hivi hivi, hakuna mwaka mwingine. Alikwenda ofisini kwa wakubwa akazungushwa. Leo huyu yuko kikaoni, kesho yule yuko safarini, keshokutwa rudi wiki ijayo. Mwenye nguvu mpishe. Alipisha hadi akachoka kupisha.

Ndipo ikaja kazi ya koti.

Admirali alikuwa amestaafu, lakini mwaka huu walitaka asome mwito yeye mwenyewe, tena akiwa amevaa koti lililokatwa sawasawa na lile la pichani. Lile la zamani lilikuwa linaliwa na nondo, na hata lisingeliwa, tumbo lake halikuwa tena tumbo la nahodha kijana. Kwa hiyo akaletwa karakana, na msaidizi wake akaambiwa asubiri nje.

"Karibu, Afande," alisema Fundi.

"Ahsante, dada. Usinionee huruma, pima kila kitu," alisema Admirali, akacheka, akajipiga tumbo. "Hili nalo ni la taifa."

Alikuwa mzee mwenye kupendeza, hilo halikanushiki. Alimsalimia hata Mkasi, mzee mkata vitambaa, akamuuliza habari za mgongo wake. Fundi akamzungushia futi mabegani na kifuani, pini zimejaa mdomoni. Wateja wengi wakimwona fundi ana pini mdomoni huona ni mtu mzuri wa kuzungumza naye, kwa kuwa hawezi kujibu. Admirali naye alizungumza.

"Unamjua Nelson, yule wa ukutani? Siku ya Trafalgar walimsihi avue nishani zake. Alikataa. Wanasema mpiga bunduki aliyekuwa juu ya mlingoti wa adui alimtambua kwa zile nishani, akamlenga begani. Koti lake wanalo mpaka leo, na tundu la risasi lipo. Watu wanapanga foleni kuliona." Akajitazama kwenye kioo kirefu. "Na Yi Sun-sin alipopigwa risasi, alisema msitangaze kifo changu, vita bado. Basi mpwa wake akavaa deraya yake, lile vazi la chuma, akaendelea kupiga ngoma, askari wakapigana wakidhani mzee yu hai. Unaona, dada? Watu hawamfuati mtu. Wanafuata alichovaa."

Fundi akaitikia kwa pua.

Mara ya pili alipokuja kujaribisha, koti lilikuwa limepigwa bandi tu, zile nyuzi za kushikiza kwa muda, mkono mmoja ukiwa bado. Mkasi alikuwa ametoka kwenda kunywa chai. Admirali alisimama amenyoosha mikono kando kama nguo iliyoanikwa. Fundi akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kifuko alichofunga kwenye kifundo cha mkono.

"Afande, nina neno."

"Sema, dada."

"Kaka yangu alikuwa mpishi wako."

"Nilikuwa na wapishi wengi."

"Huyu ni yule asiyeitwa."

Mikono ya Admirali ikabaki vile vile kidogo, halafu ikashuka. Alilivua koti mwenyewe, taratibu asije akazikata bandi, akalilaza juu ya meza ya pasi. Akakaa kwenye kigoda cha Mkasi akiwa na fulana ya ndani. Mabega yake yalikuwa yameanguka, na nywele za kifuani zilikuwa nyeupe zote.

"Nilidhani mlihama mji," alisema.

"Tungehamia wapi?"

Akaanza kusema huku akitazama sakafu, kwenye vipande vya nyuzi na vumbi la chaki.

"Watu wanasema niliuliza pakawa kimya. Hapakuwa kimya. Alinijibu. Alisema, 'Afande, nipo. Mlango umepinda, nipe muda kidogo.' Hivyo tu, kwa adabu, kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda mjini."

"Ukampa?"

"Moto ulikuwa umefika chumba cha pili. Nilikuwa na watu meli nzima juu yake. Nikasema fungueni maji. Naye akanisikia, maana bomba lilikuwa wazi. Akasema tena, 'Afande, nipo huku.' Alidhani sikumsikia mara ya kwanza." Admirali alijipangusa uso kwa kiganja. "Lile bomba lina kizibo. Nikalitia kizibo."

Fundi alikuwa amejiandaa miaka mingi kumchukia mtu huyu uso kwa uso. Sasa alikuwa mbele yake, mzee wa fulana analia bila sauti, kamasi zinamtoka, naye Fundi akajikuta anamwokotea kipande cha bitana ya hariri ajifute. Alimwonea huruma, na huruma ile ilimuudhi.

"Ungengoja, angetoka?" aliuliza.

"Sijui. Labda. Labda tungeruka wote. Nimejiuliza hadi nimechoka kujiuliza." Akapenga kamasi kwenye bitana. "Waliposema ghala lilikuwa tupu, sikuwa mimi niliyesema kwanza. Ila sikukataa. Halafu wakachora picha."

"Sikuja kutaka uniombe radhi, Afande. Mama yangu yu hai bado, lakini si kwa muda mrefu. Anataka mwanawe aitwe, naye amwitikie. Hana shida nyingine duniani."

"Ataitwa," alisema Admirali. "Mlete. Nitamwita mwenyewe, na nitasema alikuwa wapi."

"Utasema alikuwa ghalani?"

"Nitasema. Umri huu watanifanya nini? Ahadi ni deni, dada. Mlete mama."

Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mikono ilikuwa ya moto, na Fundi akamwamini. Katika ufundi wake alikuwa na imani moja ambayo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba mteja aliyesimama na fulana mbele ya kioo hana mahali pa kuufichia uongo. Aliwasikia wakubwa wengi katika hali ile, wakikiri vitambi, wake, hofu ya kustaafu. Hakuwahi kufikiri kwamba hakumfuata hata mmoja wao kwenda kuona walichosema baada ya kuvaa.

Mkasi aliporudi na kikombe chake, Fundi alimweleza. Mzee akasikiliza huku ananoa mkasi.

"Alisema akiwa na koti au bila koti?"

"Bila."

"Basi ngoja kwanza umvishe."

"Wewe kila jambo unalikata, hata lisilo kitambaa," alisema Fundi kwa hasira, na siku ile hakuongea naye tena.

Nyumbani alimweleza mama yake yote, hadi kile kizibo. Alidhani atalia. Mama hakulia. Alikuwa ameketi kitandani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

"'Nipo,'" alirudia mama. "Alisema 'nipo.' Hata nikimtuma dukani alikuwa anaitika hivyo hivyo. Unamwita mara moja, yeye anaitika mara mbili." Akaisogeza miguu majini. "Basi na mimi nitamwitikia."

Kuanzia hapo nyumba ikageuka kambi. Mama alifanya mazoezi ya kuitika akiosha vyombo, akichana nywele, akivaa viatu. "Yupo!" Sauti ilikuwa inakatika katikati kwa sababu ya kifua, naye akasema lazima ifike hadi kwenye kengele, hataki baharia yule asingizie hakusikia. Jirani alibisha hodi kuuliza kama kuna mtu anaitwa. Fundi akamshonea mama gauni la bluu iliyoiva, la kitambaa kilichobaki, na jioni zote alizobakiwa nazo akazitia kwenye koti la Admirali. Hakuwahi kushona vile. Kola aliifumua akaishona upya kwa sababu ilikuwa imekosea kwa upana wa uzi. Vitundu vya vifungo alivizungushia kwa mkono. Mabega aliyajenga kwa pamba na turubai jembamba hadi mzee yule aliyeanguka mabega akapata mabega mengine. Alifikiri: mtu atakayesema neno lile mbele ya watu wote, asimame wima. Alilishona kama analipa kabla ya kupewa.

Asubuhi ya ukumbusho ni yeye aliyemvisha, katika ofisi ndogo iliyo nyuma ya jukwaa. Admirali alikuwa amepauka. Alipoingiza mkono wa kwanza alimnong'oneza, "Mama amekuja?"

"Yuko safu ya tatu, gauni la bluu."

"Nakumbuka. Usiwe na wasiwasi."

Fundi akamfunga vifungo kuanzia chini. Kila alipopanda kimoja, mgongo wa mzee ulinyooka kidogo. Alipofika shingoni, aliyesimama kwenye kioo alikuwa ni yule wa pichani, nywele tu zimebadilika rangi. Mlango ukafunguliwa, akaingia Waziri na watu wake. "Ah! Shujaa wetu mwenyewe!" Admirali akageuka akacheka, na kicheko kile Fundi hakuwahi kukisikia karakana. Kilikuwa kinatoka juu, kwenye kola. Alikusanya pini zake akatoka kwenda kukaa na mama.

Uwanja ulijaa. Bendi ilikuwa inang'ara, familia zimeketi kwa safu, watoto wa shule wamepangwa nyuma na bendera za karatasi. Kengele ilining'inia kwenye fremu yake, imesuguliwa hadi inaumiza macho, na baharia amesimama kando, kamba mkononi. Mashujaa wakaanza kuitwa. Jina, "Yupo!", kengele. Jina, "Yupo!", kengele. Mjane mmoja aliitika kwa sauti ndogo kama ya kitoto. Mwanamume mnene akaitika kwa ajili ya baba ambaye hakuwahi kumwona. Mama alikuwa ameushika mkono wa Fundi, na kila kengele ikilia aliubana.

Majina yaliyozoeleka yakaisha. Watu wakaanza kujiweka sawa kwenye viti, wakidhani imekwisha. Admirali akabaki kwenye kipaza sauti.

"Leo," alisema, "naongeza mmoja."

Uwanja ukatulia. Mama akajiinua kidogo, bado hajasimama.

"Hakuwa mpiga mzinga. Alikuwa mpishi." Fundi aliona anatazama safu ya tatu, akaliona gauni la bluu, na midomo yake ikasogea bila kutoa sauti. Kisha akamtazama Waziri, aliyekuwa amekunja uso kwa kutoelewa. Akawatazama watoto na bendera zao. Mkono wake ukapanda wenyewe hadi kifuani, ukapapasa vifungo, kimoja, kingine, vyote vilikuwa mahali pake.

"Mpishi wetu huyu," alisema, na sasa sauti ilikuwa ile ya juu, ya kwenye kola, "alikuwa mtu wa ajabu! Mizinga inanguruma, meli inayumba, moshi huu hapa, na yeye hataki kuiacha sufuria yake! Naambiwa alisema, adui akitaka kuja aje, ila angoje kiive kwanza!"

Waziri akacheka. Waziri akicheka, wote hucheka. Kicheko kilianzia viti vya mbele kikashuka safu kwa safu, kikafika hadi kwa watoto wa shule, waliofurahi kwa kuwa wamechoshwa na jua. Admirali akangoja kipungue, kama msimuliaji anayejua kazi yake.

"Kombora likamkuta na mwiko mkononi. Basi naye tusimsahau, ndugu zangu. Shibe nayo ni silaha!"

Wakapiga makofi. Naye akalitaja jina, lote, la mtu, la baba na la babu, kwa ufasaha na kwa heshima.

Mama akasimama. Fundi alitaka kumzuia, hakujua kwa nini, akashika pindo la gauni tu. Watu waligeuka wakitabasamu kumtazama kikongwe wa mpishi yule mchekeshaji. Baharia akaikaza kamba. Ukapita muda. Admirali, kwa upole, akalitaja jina tena.

"Hayupo," alisema mama.

Yale mazoezi yote hayakupotea; sauti haikukatika, ilifika hadi kwenye kengele. Mtu mmoja safu ya mbele akamnong'oneza kwa nguvu, "Mama, sema 'yupo'! Unatakiwa useme 'yupo'!" Mama hakumtazama. Alikuwa anamtazama Admirali kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani aliyemkamata na kitu chake.

"Hayupo, mwanangu. Wewe ndiye unayejua alipo."

Hakuna aliyecheka. Admirali alisimama wima kabisa. Koti halikumruhusu kusimama vinginevyo. Baharia wa kengele akabaki na kamba mkononi, anamtazama huyu, anamtazama yule, maana hakuwahi kufundishwa afanye nini likija jibu la namna ile. Hatimaye mtu fulani akampungia mkono kiongozi wa bendi. Tarumbeta zikaanza, watoto wakapeperusha bendera, na sherehe ikaendelea. Magazeti yaliandika kwamba mama mmoja mzee alizidiwa na uchungu, na yakasifu moyo wa Admirali wa kuwakumbuka hata watu wa jikoni.

Walirudi nyumbani. Fundi alikuwa na maneno mengi kooni, ya kumtukana Admirali, Waziri, wachoraji, yule baharia wa duka, na mwalimu wa historia aliyekwisha kufa zamani. Kubwa kuliko yote, alitaka mama amlaumu. Alitaka aambiwe, wewe ndiye uliyeniamsha, ukanivisha, ukanipeleka kuchekwa. Alimkalisha mama kitandani, akapiga magoti kumvua viatu. Miguu ilikuwa imevimba hadi kamba zimeacha alama.

Mama alimtazama akihangaika na fundo.

"Lile koti," aliuliza, "umelishona wewe?"

"Ndiyo, mama."

Mama akatikisa kichwa polepole. Alikuwa amemlea fundi, alijua kutazama mshono.

"Limemkaa," alisema.